Kisu cha kukunja mfukoni: ni kipi hubaki kimefungwa?

Mtu anayenunua kisu cha kukunja huuliza kwanza kuhusu chuma, kisha kuhusu makali, na mwisho kuhusu loki, akiwa na maana ya kile kinachozuia bapa lisimwangukie vidoleni wakati anakata. Ni mara chache kumsikia akiuliza swali la upande wa pili: ni kitu gani kinachozuia bapa hilohilo lisifunguke wakati kisu kimelala mfukoni pamoja na funguo? Mimi mwenyewe sikuliuliza hadi siku nilipoingiza mkono mfukoni kutafuta funguo nikakuta ncha imechungulia nje ya mpini kama upana wa kidole kimoja. Jeraha lilikuwa dogo, mkato mfupi kando ya ukucha wa kidole cha kati, lakini lilinisumbua kwa sababu kisu chenyewe kilikuwa na loki nzuri kabisa, ambayo kikiwa wazi haikutikisika hata kidogo. Kushika bapa likiwa wazi na kulishika likiwa limefungwa ni kazi mbili tofauti, na kisu kinaweza kufaulu moja na kushindwa nyingine.

Kwa kigezo hiki cha pili, visu vya kukunja hutofautiana hasa kwa namna bapa linavyozuiwa katika sehemu ya kwanza ya mwendo wake wa kufunguka. Vipo vinavyolisukuma lirudi ndani kwa nguvu ya springi katika sehemu kubwa ya mwanzo wa mwendo huo, hata likiwa limeshaanza kutoka. Vipo vinavyolishika mahali pamoja tu, pale linapokuwa limefungwa kabisa, na likishapita hapo halina tena wa kulizuia. Vipo vinavyolitia komeo, lisitoke mpaka mkono uondoe komeo hilo. Na vipo visivyotegemea chochote ila msuguano wa mpini na bapa. Karibu kila tofauti nitakayoieleza hapa chini inatokana na mgawanyo huo.

Springi ya mgongo na loki ya mgongo

Kisu cha springi ya mgongo ndicho ambacho wengi hukutana nacho kwanza maishani; visu vidogo vya Victorinox vyenye mipini myekundu ni vya jamaa hii. Mgongoni mwa mpini hulala utepe mrefu wa chuma unaokandamiza msuka wa bapa, yaani kitako chake kilicho ndani ya mpini, muda wote. Msuka huo haukuchongwa duara kamili, bali una pande zilizonyooka na kona zake, kwa hiyo ukianza kuvuta bapa, kona huinuka na kuisukuma springi, nayo springi hupinga. Jaribu kulifungua kwa upana wa vidole viwili kisha uliachie: litarudi lenyewe na kugonga ndani kwa mlio mfupi mkavu. Mlio huo ndio dhamana yako mfukoni, kwa maana hata kitambaa kikilivuta bapa kidogo, springi hulirudisha mahali pake mara kitambaa kinapolegea.

Ubaya wake ni kwamba ukali wa springi hutofautiana mno kati ya kisu na kisu. Zipo springi zinazovunja kucha, na zipo zilizolegea kiasi kwamba bapa hurudi kivivu bila mlio wowote, na hizi za pili ndizo za kuepuka. Kwenye visu vyenye zana nyingi, ambapo springi moja huhudumia zana mbili au tatu, lichunguze kila bapa peke yake, kwani moja linaweza kuwa kali na jirani yake likawa legevu.

Loki ya mgongo, ambayo kisu cha Buck 110 cha mwaka 1964 ndicho kilichoifanya ijulikane na watu wengi, ni ndugu wa karibu wa springi ya mgongo. Badala ya utepe mmoja unaopinda, kuna wenzo unaocheza kwenye pini iliyo katikati ya mpini: mbele una jino, nyuma unasukumwa na springi. Kisu kikiwa wazi, jino huingia kwenye pengo la msuka na kulifunga bapa. Kikiwa kimekunjwa, jino hilohilo huegemea sehemu ya msuka iliyochongwa ili bapa likitaka kutoka lilazimike kwanza kuuinua wenzo wote dhidi ya springi. Matokeo yake ni yaleyale ya kisu cha springi ya mgongo, yaani bapa linalorudi lenyewe, lakini kwa kawaida kwa nguvu iliyo sawa zaidi kati ya kisu kimoja na kingine cha aina moja.

Kuna udhaifu mmoja ambao watu hawauangalii. Ukibonyeza wenzo pale mgongoni wakati kisu kimefungwa, jino huinuka na bapa hubaki huru kabisa. Mfukoni si rahisi kitu kubonyeza mahali hasa panapohitajika kwa nguvu inayohitajika, lakini kwenye begi lililojaa vitu inawezekana, na kibonde kidogo ambacho baadhi ya watengenezaji huchimba pale pa kubonyeza husaidia kupunguza hatari hiyo. Pamoja na hilo, nikiulizwa ni loki gani ya kisu cha kufunguliwa kwa mkono mmoja ninayoiamini zaidi kukaa imefungwa, nataja hii kabla ya zote.

Loki ya bamba na gololi yake

Hapa ndipo penye maelezo marefu zaidi, kwa sababu visu vingi vya kisasa ni vya jamaa hii, na ndipo penye tofauti kubwa zaidi kati ya kisu kizuri na kibovu vinavyofanana kwa sura. Loki ya bamba kwa umbo tunalolijua leo ilitengenezwa na Mmarekani Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndani ya mpini kuna bamba jembamba la chuma lililokatwa na kupindwa ili lisukume kuelekea katikati. Bapa likifunguka lote, bamba huruka nyuma ya msuka na kulizuia lisirudi. Loki ya mpini, ambayo Chris Reeve aliitia katika kisu chake kiitwacho Sebenza, hufuata wazo hilohilo, ila kinachopindwa ni ubavu mzima wa mpini, mara nyingi wa titani, wala si bamba la ndani.

Jambo la kuzingatia ni kwamba bamba lenyewe halina uwezo wa kulivuta bapa ndani. Linasukuma kwa ubavu tu. Kinacholishika bapa lililofungwa ni gololi ndogo sana, yenye kipenyo cha kama milimita 1.5, iliyopigiliwa kwenye uso wa bamba na kuacha sehemu tu ya mwili wake nje. Ubavuni mwa bapa kuna kishimo. Bapa linapokaribia kufunga, gololi huteleza juu ya chuma, na mwishoni hudumbukia kwenye kishimo hicho. Kwenye kisu kilichotengenezwa kwa makini, kishimo hakiko sawasawa na mahali gololi inaposimama, bali kimesogezwa kwa unywele tu, ili gololi isitue chini kabisa bali ibaki imeegemea ukingo na kuendelea kulivuta bapa kuelekea kizuizi chake. Kishimo kikikosewa kwa upande wa pili, bapa hucheza mbele na nyuma hata likiwa limefungwa, na unaweza kulisikia likigonga ukilitikisa karibu na sikio.

Nguvu ya mshiko huo inategemea ugumu wa bamba, kina cha kishimo, na umbali wa gololi kutoka kwenye egemeo, yaani pini ambayo bapa huizunguka. Gololi iliyo mbali na egemeo hupata wenzo mrefu zaidi, hivyo hushika kwa nguvu zaidi kwa msukumo uleule wa bamba. Lakini hata ikishika vizuri namna gani, inashika mahali pamoja. Ikishatoka kishimoni, bapa huwa huru. Halirudi, haliulizi, hubaki popote lilipoachwa, tena kwenye visu vyenye beringi laini huendelea kutoka kwa uzito wake mwenyewe. Hicho ndicho kilichonipata mimi. Funguo zilisukuma bapa kwa milimita chache, gololi ikatoka, na kutembea kwangu kukamalizia kazi iliyobaki.

Uchakavu nao una njia yake. Gololi huchora mstari wa kung'aa kwenye ubavu wa bapa, na mstari huo si kasoro, ni njia yake tu. Kasoro ni pale ukingo wa kishimo unapoviringika kwa kufunguliwa mara maelfu, gololi ikaanza kutoka bila ule mdundo mdogo unaosikika kidoleni. Gololi za kauri hudumu kuliko za chuma na hazishiki kutu, ila haziuponyi ukingo uliokwisha liwa. Kwa ujumla loki ya mpini, kwa unene wake, hushika vizuri kuliko loki ya bamba jembamba, ingawa nimeshika mkononi visu viwili vya toleo moja, kimoja kikikataa kutikisika na kingine kikifunguka kwa mtikiso wa kiganja. Kwa jamaa hii usinunue jina la kisu. Nunua kisu ulichokishika.

Pini ya kukingama

Loki hii ilijulikana kwa jina la AXIS tangu kampuni ya Benchmade ilipoianzisha mwaka 1998, na sasa, baada ya hataza kumalizika muda wake, hutengenezwa na kampuni nyingi kwa majina tofauti. Pini ya chuma hukatiza mpini kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, ikisukumwa mbele na springi mbili za waya zilizopindwa kama kwato. Bapa likiwa limefungwa, pini huegemea mteremko wa msuka na kulisukuma bapa ndani, na msukumo huo huendelea kwa sehemu fulani ya mwanzo wa mwendo. Kwa hiyo kwa tabia iko karibu na loki ya mgongo kuliko loki ya bamba, na hilo ni jambo jema.

Hata hivyo msukumo wake kwa kawaida ni mwepesi kuliko wa loki ya mgongo. Aidha, springi zake nyembamba huweza kukatika. Moja ikikatika, kisu huendelea kufanya kazi, na mwenye nacho anaweza kukaa muda bila kugundua kwamba mshiko umepungua. Tena vichwa vya pini viko nje pande zote mbili za mpini, na kimojawapo kikivutwa nyuma na kitu chochote mfukoni, bapa huachiliwa papo hapo. Anayekipenda kisu hiki kwa jinsi kinavyofunguka kwa mtikiso pini ikivutwa, akumbuke kwamba urahisi huohuo upo mfukoni pia.

Vitufe, na springi zinazosukuma nje

Loki ya kitufe ya kisu kinachofunguliwa kwa mkono hushika bapa lililofungwa ama kwa gololi ama kwa umbo la kitufe chenyewe kinachoegemea kishimo cha msuka. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, mshiko huondoka. Kitufe kilichozama sawa na uso wa mpini ni salama zaidi kuliko kilichosimama juu yake, na sioni la kuongeza.

Kisu cha kujifyatua ni habari nyingine. Humo springi husukuma bapa nje muda wote, na kinachozuia ni kitufe peke yake, hivyo kosa dogo halitoi ncha kidogo, hutoa bapa zima kwa nguvu, ndani ya mfuko. Chenye kizuizi cha kuteleza kinachokifunga kitufe kinavumilika, mradi mwenye nacho hakisahau. Kati ya hivi viwili kuna kisu cha kusaidiwa, ambacho springi yake hulivuta bapa ndani mwanzoni, kisha baada ya kupita pembe fulani hugeuka na kulitupa nje. Mshiko wake wa mwanzo mara nyingi ni mzuri kuliko wa gololi tupu, lakini ukishindwa, hushindwa wote.

Msuguano na pete

Kisu cha msuguano, mfano Higonokami ya Japani, hakina springi wala gololi. Bapa hukaa ndani kwa sababu limebanwa na egemeo, na mkia mdogo wa chuma hubaki nje nyuma ya mpini ili kidole gumba kiukandamize. Mkia huo ukisukumwa, bapa hutoka. Kisu cha aina hii kinastahili ala au mfuko wake wa ngozi, wala si mfuko wa suruali.

Opinel ya Ufaransa ilianza kama kisu cha msuguano, na mpini wake wa mti huufanya mshiko ubadilike kulingana na hali ya hewa: mti ukinyonya unyevu huvimba na bapa huwa gumu kutoka, ukikauka hulegea. Mwaka 1955 Marcel Opinel alibuni pete inayozunguka kwenye shingo ya mpini ili kulifunga bapa likiwa wazi, na tangu mwaka 2000 pete hiyo hulifunga pia likiwa limekunjwa. Ikishazungushwa, bapa haliwezi kutoka hata ulivute kwa kucha zote, na hakuna kisu kingine katika ulinganisho huu, kwa bei ya namna hiyo, kinachotoa uhakika wa kiwango hicho. Pete hupatikana kuanzia kisu cha ukubwa wa namba 6 kwenda juu. Visu vidogo zaidi hubaki na msuguano tu. Kasoro yake haiko kwenye chuma, iko kwa mtu: pete isiyozungushwa haifungi kitu, na mwenye haraka huiacha wazi.

Kinachofungulia, na jinsi kisu kinavyokaa

Visu viwili vyenye mshiko sawa vinaweza kutofautiana kwa usalama kwa sababu ya kile ambacho vitu vya mfukoni vinaweza kukishika. Mfuo wa ukucha, yaani kijifereji cha kuingizia ukucha ili kulivuta bapa, umezama ndani ya bapa na hakuna kinachoweza kuukamata. Tundu la duara la kulisukumia bapa kwa kidole gumba nalo halishiki kitu kwa urahisi. Kishikizo cha kidole gumba kinachochomoza ubavuni hunasa kitambaa wakati wa kuchomoa. Kinundu cha nyuma, kile kinachosukumwa kwa kidole cha shahada, hukaa nje ya mpini mahali hasa ambapo funguo huweza kukigonga, na kwa sababu hiyo kisu chenye kinundu na gololi dhaifu ndicho mchanganyiko mbaya kuliko yote niliyoitaja. Kisu changu kilichonikata kilikuwa hivyo.

Klipu, yaani kibanio cha kukishikiza kisu kwenye ukingo wa mfuko, ambayo kampuni ya Spyderco ilianza kuiweka kwenye visu vyake mwaka 1981, ilibadilisha namna ya kubeba, kwa kuwa kisu hakizungukizunguki tena chini ya mfuko. Kikikaa ncha juu, kikiwa kwenye kona ya nyuma ya mfuko na mgongo wa bapa ukielekea mshono, mshono wenyewe hulizuia bapa lisitoke. Lakini kikiteleza kuelekea katikati ya mfuko, kinga hiyo hupotea, na ncha ipo pale mkono unapoingilia. Kikikaa ncha chini, bapa likifunguka hutoboa mfuko au paja, ila mkono unaoingia haukutani nalo kwanza. Kwa kisu cha gololi ninapendelea ncha chini, na ninajua wapo watakaopinga. Kwa loki ya mgongo sioni tofauti ya kunifanya nibishane.

Jaribio la dukani

Kabla ya kulipa, fanya hivi kwa uangalifu, vidole vikiwa mbali na njia ya bapa. Pitisha kwanza ukucha juu ya ukingo wa mpini na uhakikishe kwamba ncha imezama, haikwaruzi. Kisha elekeza upande wa bapa chini na utikise kiganja mara tatu kwa nguvu ya kawaida, si ya kujionyesha; bapa likitoka, rudisha kisu kabatini. Halafu lifungue kidogo, kama kwa upana wa kidole, na uliachie: likirudi lenyewe una springi inayokusaidia, likibaki palepale una mshiko wa mahali pamoja tu. Uliza pia kama skrubu ya egemeo imekazwa kupita kiasi, kwa maana egemeo lililobanwa huficha gololi dhaifu, na siku utakapolilegeza ili kisu kifunguke vizuri ndipo utakapouona udhaifu huo. Nyumbani, rudia jaribio kila unaposafisha, kwa sababu mchanga na nyuzi za nguo hujikusanya chini ya msuka na kulizuia bapa lisiingie mpaka mwisho.

Kwa hiyo, anayebeba kisu kikiwa huru mfukoni pamoja na funguo na sarafu achukue springi ya mgongo yenye mlio mkali na mfuo wa ukucha, au loki ya mgongo. Anayetaka mkono mmoja na klipu achukue loki ya mgongo kwanza, pini ya kukingama baadaye, na loki ya mpini ikiwa tu amekitikisa kisu hicho mwenyewe. Anayekiweka kwenye begi ambalo watoto hupekua achukue pete, na ajizoeze kuizungusha kila mara anapokunja kisu. Kisu cha kujifyatua bila kizuizi sikipendekezi kwa mfuko wowote.

Kile kisu changu cha bamba bado ninacho. Kinakaa kwenye droo ya meza, kinafungulia maboksi, na kikiwa wazi loki yake bado haitikisiki hata kidogo.